Homoni ipi? Jibu kwa msomaji aliyeambiwa homoni zake zimevurugika

Swali limetoka kwa msomaji wa Tabata, Dar es Salaam: "Shikamoo daktari. Nina miaka 29, nina duka la nguo Kariakoo. Nilikuwa nachoma sindano ya uzazi wa mpango, ya mwisho ni miezi minane iliyopita. Tangu hapo hedhi haieleweki. Inapotea miezi miwili, halafu inakuja siku kumi mfululizo. Nimeongezeka kilo tisa, nachoka, choo kigumu, nywele zinakatika, na dukani wenzangu wakiwasha feni mimi najifunika mtandio. Nilienda mahali wanapouza virutubisho, nikashikishwa kifaa kilichounganishwa na kompyuta, wakaniambia homoni zangu zimevurugika kwa asilimia 60 na ninatakiwa kununua dozi ya kusafisha homoni kwa shilingi 380,000. Kabla sijatoa hela naomba unieleweshe homoni ni nini hasa, inafanyaje kazi, na inavurugikaje. Pia natumia vidonge vya nywele na kucha, na krimu ya kung'arisha uso. Vina shida?"

Marahaba, binti yangu. Hela hiyo usiitoe. Kama ningekuwa na nafasi ya kukuandikia sentensi moja tu, ingekuwa hiyo. Lakini umeuliza homoni inafanyaje kazi, na nataka nikujibu kwa kirefu, kwa sababu wasichana wengi wa mji huu wanaambiwa maneno hayohayo uliyoambiwa wewe, wanatoka na mifuko ya dozi, na ugonjwa wenyewe unabaki mwilini bila kupimwa.

"Homoni zako zimevurugika" si ugonjwa. Mwili wa binadamu una homoni zaidi ya 50 zinazojulikana, kila moja ina mahali inapotoka, mahali inapofanyia kazi, na kitu kinachoizuia isizidi. Mtu akikuambia maneno hayo, muulize: homoni ipi? Imezidi au imepungua? Ilipimwa saa ngapi, na siku ya ngapi ya mzunguko wako? Asiye na majibu ya maswali hayo hajakupima.

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na seli za sehemu moja ya mwili, ikamwagwa kwenye damu, ikasafiri na kubadili kazi ya seli za sehemu nyingine. Tezi za jasho na za mate zina mirija ya kupitishia kile zinachotengeneza. Tezi za homoni hazina mirija, zinamimina moja kwa moja kwenye damu. Jambo hili lilithibitika London mwaka 1902. William Bayliss na Ernest Starling walikata mishipa yote ya fahamu iliyokwenda kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia tindikali ndani ya kipande hicho. Kongosho likaendelea kutoa maji yake ya kusagia chakula, ingawa hapakuwa tena na mshipa wa fahamu wa kulipelekea taarifa. Taarifa ilikuwa imepita kwenye damu. Kemikali hiyo waliiita sekretini, na mwaka 1905 Starling akaanza kulitumia neno homoni kwa kemikali zote za namna hiyo.

Sasa, kama homoni imo kwenye damu na damu inafika kila mahali, kwa nini haiamuru kila kiungo? Fikiria konda pale Buguruni anaita "Gongo la Mboto, Gongo la Mboto!" Kituo kizima kinasikia, lakini anayenyanyua mguu ni yule anayekwenda Gongo la Mboto. Homoni nayo inapita mbele ya seli zote, ila inayoitika ni ile yenye kipokezi chake, yaani protini yenye umbo linaloshikamana na homoni hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na homoni nyingi tu kwenye damu na bado akaumwa, kwa sababu vipokezi haviitiki. Kisukari cha aina ya pili huanza hivyo: insulini, homoni ya kuingiza sukari kwenye seli, ipo, mara nyingi hata imezidi, lakini misuli na ini vinaiitikia kwa uvivu.

Vipokezi vingine vimekaa juu ya ngozi ya seli, vingine ndani. Adrenalini na insulini hazipenyi ndani ya seli. Zinashika kipokezi kwa nje, na ndani kunatokea mfululizo wa kemikali nyingine zinazopokezana ujumbe. Njia hii ina kasi. Bodaboda ikikukosakosa Mtaa wa Uhuru, moyo unaanza kudunda ndani ya sekunde chache. Homoni za thairoidi (tezi ya shingoni), pamoja na kotisoli ya tezi zilizo juu ya figo, na estrojeni na projesteroni za ovari, zenyewe zinaingia hadi ndani ya seli na nyingi ya kazi zake hufanyika kwenye kiini, ambako zinawasha au kuzima jeni. Seli inaanza kutengeneza protini mpya, na hilo linachukua saa, siku, hata wiki. Ndiyo maana hukuamka siku moja ukajikuta umechoka. Ulichoka kidogokidogo, ukazoea, ukadhani ni kazi ya duka.

Nianze na shingo, kwa kuwa dalili zako zinanipeleka huko kabla ya kwingine. Choo kigumu, uzito, nywele, hedhi isiyoeleweka, na zaidi ya yote baridi. Dar es Salaam hii, duka la Kariakoo lililojaa watu, wenzako wanatafuta feni na wewe unatafuta mtandio. Mgonjwa akiniambia hivyo nasogea mbele kwenye kiti.

Chini ya koromeo kuna tezi ya thairoidi, yenye pande mbili, gramu 20 hivi kwa mtu mzima. Inavuta madini joto kutoka kwenye damu na kutengeneza T4, yenye atomi nne za madini hayo, na T3, yenye tatu. Kinachotoka kwa wingi ni T4, ambayo nguvu yake ni ndogo. Ini, figo na viungo vingine vinaiondoa atomi moja ikawa T3, na hiyo T3 ndiyo inayopanga kasi ya mwili: joto, mapigo ya moyo, mwendo wa utumbo, ukuaji wa nywele. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na mjamzito 250. Wazee wetu wa nyanda za juu kusini walijua rovu, tunayoiita goita siku hizi, kwa sababu udongo wa kule una madini joto machache. Tezi iliyokosa malighafi inavimba ikijaribu kukamata kidogo kilichopo. Chumvi tunayonunua inatiwa madini hayo kwa sababu hiyo.

Tezi hii haijiamulii. Ndani ya ubongo, sehemu iitwayo hipothalamasi inatoa homoni ya TRH, ambayo inaiambia pituitari itoe TSH. Pituitari ni tezi ndogo mno, uzito wake ni nusu gramu hivi, imening'inia chini ya ubongo nyuma ya pua. TSH inasafiri hadi shingoni na kuiamuru thairoidi itoe T4 na T3. Halafu T4 na T3 zinarudi na damu hadi kwenye ubongo na pituitari, na zikiwa za kutosha zinapunguza TRH na TSH. Zikipungua, breki inaachia, TSH inapanda. Mfumo huu ni mwepesi kuhisi kiasi kwamba T4 ikishuka kwa nusu, TSH inaweza kupanda karibu mara 100. Kwa hiyo tukitaka kujua habari za shingo tunaanza kwa kupima TSH, homoni ya kichwani.

Na hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo penye kiini cha jibu langu. Namba moja ya homoni peke yake haisemi kitu kingi. Inasomwa pamoja na namba ya tezi inayoiamuru. Maabara nyingi huhesabu TSH ya kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4.0. TSH ikiwa juu na T4 huru ikiwa chini, ubongo unaamuru kwa nguvu zote na shingo imeshindwa kuitikia. Kasoro iko kwenye tezi yenyewe, na mara nyingi ni kinga ya mwili iliyogeuka kuishambulia. TSH ikiwa chini na T4 nayo chini, tezi ya shingo haina kosa, haijaamriwa; tunatazama pituitari. TSH ikiwa chini na T4 juu, tezi inatoa kupita kiasi, na mtu huyo anakuwa kinyume chako: anakonda, anatetemeka, anatoka jasho. Tazama basi: watu wawili wana T4 ya chini inayolingana kabisa, mmoja anaumwa shingoni, mwingine kichwani. "Asilimia 60" inawatofautisha vipi hao wawili?

Nimesema T4 huru kwa makusudi. Zaidi ya asilimia 99 ya T4 iliyo kwenye damu imebebwa na protini, na iliyobebwa haifanyi kazi. Ujauzito na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza protini hizo, hivyo T4 ya jumla inaonekana imepanda wakati mtu ni mzima. Ukienda maabara, fomu iandikwe TSH na T4 huru.

Hedhi inaingiaje? TRH ikipanda kwa sababu shingo imelegea, haiishii kuamuru TSH. Inaichochea pia pituitari itoe prolaktini, homoni ya maziwa. Prolaktini ikizidi inazuia hipothalamasi kutoa ile homoni inayoamsha ovari. Yai halipevuki, au linachelewa. Bila yai kutoka hakuna projesteroni ya kuutuliza ukuta wa mfuko wa uzazi. Ukuta unaendelea kunenepa kwa nguvu ya estrojeni peke yake, mwisho unabomoka bila mpangilio, na damu inatoka siku kumi. Kosa liko shingoni, malalamiko yako chini ya kitovu. Mtu ambaye angekuuzia dozi "ya kizazi" angekuwa anatibu mahali pasipougua.

Katika mzunguko wa kawaida, amri ya hipothalamasi kwa ovari haimiminiki mfululizo. Inatoka kwa midundo, kila dakika 60 hadi 90 hivi katika nusu ya kwanza ya mzunguko, na ikitolewa bila kukatika pituitari inaacha kuitikia kabisa. Estrojeni ya yai linalokua kwanza inaikandamiza pituitari. Ikifika juu na kukaa hapo kama siku mbili, inageuka na kuichochea, LH, homoni ya pituitari inayolitoa yai, inafumuka, na yai linatoka baada ya saa 36 hivi. Homoni ileile, tezi ileile, amri mbili zinazopingana; tofauti ni kiasi na muda tu. Kila ninapofundisha hili najikuta nimesimama kidogo kulistaajabia.

Sindano uliyokuwa unachoma ina homoni ya jamii ya projesteroni, na inafanya kazi kwa kuzuia mfumuko huo wa LH. Imeandikwa kwa miezi mitatu, lakini dawa inabaki kwenye misuli ikiyeyuka taratibu, na kwa wanawake wengi uwezo wa kushika mimba hurudi baada ya miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho, wengine mwaka na zaidi. Kwa hiyo hedhi yako yaweza kuwa bado iko kwenye kipindi hicho, na hapo hakuna kitu cha kusafisha. Sindano peke yake, hata hivyo, hainielezi baridi wala choo kigumu.

Jambo la tatu ninalolifikiria ni ovari zenye vifuko vingi vidogo. Insulini ikizidi kwa muda mrefu inaisukuma ovari itengeneze homoni za kiume kupita kiasi, na mayai yanakwama kabla ya kupevuka. Jitazame: una ndevu kidevuni, chunusi zisizoisha, au ngozi iliyokuwa nyeusi na nene nyuma ya shingo? Hujavitaja, kwa hiyo sitalazimisha. Ila kama vipo mwambie daktari. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kurudisha yai bila dawa yoyote.

Kuhusu kile kifaa cha kushika mkononi. Estrojeni kwenye damu yako inahesabiwa kwa pikogramu, na pikogramu moja ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Homoni kwenye damu ni kidogo hivi kwamba mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950 hakukuwa na njia ya kuaminika ya kupima insulini kwenye damu ya mtu. Walioipata ni Rosalyn Yalow na Solomon Berson huko New York, kwa kutumia kingamwili na mionzi. Waliichapisha mwaka 1960, na Yalow akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, Berson akiwa ameshafariki. Maabara nyingi za leo bado zinatumia kingamwili, na kwa kawaida bado zinahitaji damu. Hakuna kifaa kinachosoma homoni kupitia kiganja. Na hakuna kipimo kinachozijumlisha homoni zote kikatoa asilimia, maana kila homoni ina kipimo chake na kiwango chake cha kawaida.

Kusafisha homoni nako hakupo. Homoni hazigandi mwilini zikawa uchafu; ini na figo vinazivunja na kuziondoa saa zote. Insulini inapungua kwa nusu ndani ya dakika tano hivi. T4 inachukua kama siku saba kupungua kwa nusu, na hiyo ndiyo sababu mtu akianzishiwa dawa ya thairoidi tunamwambia arudi kupima baada ya wiki sita hadi nane. Akirudi baada ya wiki moja, namba bado ziko njiani.

Sasa vidonge vya nywele na kucha. Nashukuru umevitaja, wengi hawavitaji. Vingi vina biotini, aina ya vitamini B, mara nyingi mikrogramu 5,000 au 10,000 kwenye kidonge kimoja, wakati mahitaji ya mtu mzima ni kama 30 kwa siku. Haitakudhuru, lakini baadhi ya mashine za maabara hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe. Ukiwa na nyingi kwenye damu, TSH inaweza kusomeka chini kuliko ilivyo na T4 juu kuliko ilivyo. Kwako wewe hilo ni hatari ya kweli: shingo iliyolegea ingeonekana nzima, au hata inakimbia. Acha vidonge hivyo siku mbili au tatu kabla ya kutoa damu, na mwambie mhudumu wa maabara kwamba ulikuwa unavitumia.

Kabla ya hayo yote, nunua kipimo cha mimba cha mkojo. Hata kama una hakika. Mwanamke wa miaka 29 asiyeona hedhi hupimwa mimba kwanza, na mabadiliko mengi uliyoyataja yanaweza kutokana nayo.

Kisha nenda Amana, ambayo haiko mbali na kwako, au hospitali yoyote unayoizoea. Ikihitajika bingwa wa homoni watakupa rufaa ya Muhimbili. Nenda asubuhi, ukiwa hujala, ili sukari ipimwe pamoja na TSH na T4 huru. Damu ya prolaktini itolewe saa mbili au tatu baada ya kuamka, ukiwa umetulia, kwa sababu usingizi na wasiwasi huipandisha. FSH (homoni ya pituitari inayokuza yai) na LH zikihitajika, siku ya pili hadi ya tano ya hedhi. Kama umekuwa ukinywa dawa ya kuzuia kutapika au ya magonjwa ya akili, itaje, maana baadhi yake hupandisha prolaktini. Na kama maziwa yanatoka matitini bila mimba, kichwa kinauma mara kwa mara, au huoni vizuri pembeni mwa macho, usisubiri wiki ijayo: mishipa ya macho hupita juu kidogo ya pituitari, na uvimbe wa tezi hiyo huibana.

Nimeiacha krimu mwisho kwa sababu inanitia wasiwasi kuliko vidonge. Krimu nyingi za kung'arisha zinazouzwa mitaani zina dawa kali za jamii ya kotisoli, nazo zinapita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu, hasa zikipakwa usoni, au mwili mzima, kwa miezi. Ubongo ukiona kotisoli ya kutosha hauulizi imetoka wapi. Unaacha kuamuru tezi zilizo juu ya figo, na tezi zisizoamriwa zinasinyaa. Huku mtu ananenepa uso na tumbo, sukari na presha vinapanda, hedhi inakatika. Kwa maneno mengine, sehemu ya kilo zako tisa inaweza kuwa imo kwenye kopo hilo. Wanaomeza vidonge vya kunenepa vyenye deksamethasoni, dawa ya jamii hiyohiyo, wako kwenye hatari hiyohiyo, kubwa zaidi.

Soma lebo. Ukiona klobetasoli au betamethasoni, au kama kopo halina lebo kabisa, lichukue uende nalo kwa daktari. Kama umekuwa ukiipaka eneo kubwa kwa miezi mingi, usiiache ghafla kabla hajakuona, kwa sababu tezi zilizosinyaa zinahitaji muda kuamka, na mwili usio na kotisoli hauhimili hata malaria ya kawaida. Atakupunguzia taratibu, na anaweza kukupima kotisoli saa mbili asubuhi, wakati ambapo inatakiwa kuwa juu. Ukijisikia kizunguzungu unaposimama, kutapika, au kuishiwa nguvu isivyo kawaida katika kipindi hicho, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie ulikuwa unatumia krimu gani.